Maelezo ya Kielelezo Namba Saba

Jiwe la chokaa, kijivu, ukubwa wa mche wa sabuni uliofuliwa nusu.
Kalileta Ndekirwa, mchimba visima, kutoka kusini,
amelivika soksi moja ndani ya gazeti.
"Mwalimu," alisema, "nimekuta wavu ndani ya jiwe.
Nani alikuwa anavua humu?"

Naandika nikiwa Pasua, chumba cha nyuma,
kwa hadubini ya shule, skrubu yake nimeifunga uzi.
Umeme ukikatika naisogeza dirishani.

Koloni: bapa, yenye kutanuka.
Matawi: membamba, yamenyooka, hugawanyika mawili mawili.
Viungo: vimekingama, vinashika tawi kwa tawi.
Madirisha: umbo la yai; kumi na mawili katika milimita kumi.
Vijumba: safu mbili kwa kila tawi, kila kimoja na mlango wa duara
mdogo kuliko nukta itakayofunga mstari huu.

Ndivyo inavyotakiwa. Pasiwe na "mimi", pasiwe na "kama".
Neno "kama" nimelifuta mara nne.

Wataalamu humwita brayozoa.
Ndekirwa anawaita wapangaji, wala hajakosea:
nyumba ndefu, vyumba huku na huku,
ukuta mmoja majirani wawili,
kila mtu ametoa mikono mlangoni
kudaka riziki inayopita na maji,
kivuli kikipita, mikono ndani.
Siku moja bahari ikageuka.
Milango ikabaki wazi, tope likaingia bila hodi.

Jioni wingu liliondoka, Kibo ikajitokeza,
na wageni barabarani wakainua simu zao kupiga picha ukale.
Ukale gani? Jiwe hili lilipokuwa tope
mlima haujatungwa mimba.
Nimeliweka dirishani, limwone mtoto.

Ili kumjua, lazima umkate.
Fundi Shayo, mwenye msumeno wa marumaru,
anayechonga majina ya makaburini,
alinikatia kwa bei ya kigae kimoja.
Akauliza, "Huyu naye kafariki lini?"
Nikamwambia tarehe haisomeki.

Kisha kusugua. Siku tatu juu ya kioo,
unga wa kusugulia, maji, kidole gumba,
mpaka mwanga upite katikati ya jiwe.
Ukipunguza, huoni kitu.
Ukizidisha, unabaki na kioo na maji ya kijivu.
Kipande cha kwanza kilikwenda hivyo:
miaka milioni mia mbili na sitini ndani ya karai.
Nikaimwagia migomba.

Cha pili kilikubali.
Tawi la tano lilikuwa limevunjika zamani,
wangali hai. Wakapaziba.
Vijumba vitatu vimekaa upande upande, havina mpangilio,
halafu safu inanyooka tena, inaendelea.

Nililala saa nane. Sikulala.

Mgongoni mwa kochi kuna kitambaa alichokuwa akifuma mama,
sindano bado imening'inia kwenye uzi.
Nilikitandaza chini ya hadubini,
sina sababu ya kitaalamu.
Madirisha: mraba; manne katika sentimita moja.
Safu ya tisa ameruka tundu.
Hakufumua. Safu ya kumi akaongeza mishono miwili
akapita.
Miaka yote hiyo nimekiegemea, sikuona.

Mahali pa jina bado pako wazi.
Kanuni inaruhusu jina la mtu,
mradi lishonewe mkia wa Kilatini.
Aikande angekunja uso: "Jina langu umpe mdudu?"
Si mdudu, mama.
"Basi ni nini?"

Nimeandika kwa penseli, herufi ndogo.
Kifutio kipo karibu.
Kesho narudi kwa Shayo; wanaohakiki
wanataka kipande kingine, kilichokatwa kwa marefu,
na jiwe lililobaki linaenea kiganjani.